Daftari Likifika Jikoni

Bibi yangu hakujua kusoma, lakini hakuna daftari langu lililopita jikoni kwake bila kufunguliwa. Nyumba yake ilikuwa juu ya Tengeru, njia inapoanza kupanda kuelekea Akheri, katikati ya migomba na mibuni. Jioni ukungu ulishuka kutoka Mlima Meru mapema kuliko giza. Nikirudi kutoka shule nilikuta kazi zinanisubiri kwa mpangilio ule ule: maji, majani ya ng'ombe, kuni. Zikiisha, Bibi alikaa kwenye kigoda chake, akawasha kibatari na kusema neno moja tu, "Lete." Alilipokea daftari kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Alifungua ukurasa wa siku ile, akausogeza karibu na mwanga, akatafuta wino mwekundu. "Hapa mwalimu anasema nini?"

Siku moja nikiwa darasa la tatu nilimdanganya. Hesabu zilikuwa 10, nami nilikuwa nimekosa 7. Nikamwambia mwalimu ameandika kwamba nimefanya vizuri sana. Bibi hakunigombeza. Aliutazama ukurasa kitambo, akaniwekea daftari mapajani na kusema, "Kama ni nzuri hivyo, zifanye tena nizione." Nilizifanya zote 10 pale pale, moshi wa kibatari ukiniingia machoni, na sikuweza kujua machozi ni ya moshi au ya aibu. Kwa miaka mingi sikuelewa alijuaje. Nilikuja kuelezwa nikiwa mtu mzima, na jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Ukitamka leo maneno "ushirikiano wa wazazi na shule" mbele ya wazazi wa Arusha, iwe Sombetini au Usa River, wengi watashika mfuko. Tumezoea hivyo. Barua ya kikao ikifika, swali la kwanza nyumbani ni, "Mchango wa nini tena?" Ni tofali, dawati, tundu la choo, mlinzi, karatasi za mtihani wa majaribio. Mahitaji hayo ni ya kweli na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba mzazi anaweza kuitwa shuleni mara nyingi ndani ya miaka saba, kila mara kwa ajili ya fedha au kosa la mtoto, na isitokee hata siku moja akakaa na mwalimu, daftari likiwa mezani, akaambiwa: huyu mtoto anasoma mpaka hapa, hapa anakwama, na jambo hili moja unaweza kumsaidia nyumbani.

Haikukusudiwa iwe hivyo. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba shule tulizorithi zilimtoa mtoto katika jamii yake na kumfanya aidharau. Alitaka shule iwe sehemu ya kijiji, na kijiji kiwe sehemu ya shule. Wengi wetu tunalikumbuka jembe la shule na bustani ya mchicha. Lakini nusu ya wazo ilipotea njiani, ile iliyodai kwamba mkulima asiye na cheti ana ujuzi unaostahili kuingia darasani.

Wameru walikuwa wameonja nguvu ya umoja wa namna hiyo kabla ya hapo. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Watu wa mlima walichangishana wenyewe, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, mbele ya Umoja wa Mataifa, mwaka 1952, akisindikizwa na mwanasheria Earle Seaton. Ardhi haikurudi wakati ule. Hata hivyo, jambo moja lilibaki vichwani mwa watu: aliyewasemea alikuwa kijana wao aliyepitia shule. Mzee aliyetoa shilingi yake kwa safari ile hakuhitaji kuhubiriwa kwa nini mjukuu aende darasani.

Miongo ikapita. Ada ya shule za msingi iliondolewa, ikarudi kwa sura ya michango, ikaondolewa tena ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule MMEM, mwaka 2002. Kisha ukaja Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, na kuanzia Januari 2016 elimumsingi ikawa bila malipo. Watoto walijaa darasa la kwanza. Mitaani, neno "bila malipo" lilisikika kama "si kazi yako tena". Ikabidi serikali itoe waraka mwingine, Namba 3 wa mwaka 2016, kuwakumbusha wazazi kwamba sare, madaftari, matibabu na chakula cha mtoto wa kutwa bado ni juu yao. Ukiusoma utaona majukumu mengi ya vitu. Kumsikiliza mtoto akisoma hakununuliwi, na labda ndiyo sababu husahaulika kwa urahisi.

Kuna kauli ya zamani ambayo wazazi waliisema wakimkabidhi mtoto kwa mwalimu: nyama yako, mifupa yangu. Siku hizi inasemwa kwa kifupi, "Mwalimu, mchape tu." Inasemwa kwa heshima, na anayeisema anaamini anashirikiana. Mimi naona hapo ndipo anapojitoa. Maana yake ni kwamba mlango wa shule ndio mpaka: huku wangu, kule wako. Mwalimu naye, akishakabidhiwa hivyo, hana sababu ya kumuuliza mzazi kitu. Mtoto anabaki katikati, akijua kwamba watu wawili wanaomwamulia maisha hawajawahi kuzungumza juu yake isipokuwa kuhusu fimbo.

Nisimwonee mwalimu. Pembeni mwa jiji, kata kama Muriet na Olasiti zimejaa nyumba mpya kwa kasi ambayo madarasa hayakuifikia, na chumba chenye watoto 80 au 100 si kitu kigeni katika shule zetu. Mwalimu anayesahihisha madaftari 100 ya hesabu, kisha 100 ya Kiswahili, hana dakika tano za kila mzazi. Anachoweza ni kuwa mkweli mapema. Watoto wasiojua kusoma huwa anawafahamu. Waulize walimu wa darasa la pili, watakutajia majina bila kufungua kitabu cha mahudhurio. Lakini mzazi huja kulijua hilo darasa la nne kwenye upimaji, au Septemba ya darasa la saba, wakati mambo yameshaharibika. Na miaka inapungua: Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeipunguza elimu ya msingi kuwa miaka sita. Mtoto aliyekwama darasa la pili atakuwa na muda mfupi zaidi wa kuinuka.

Tatizo hili la kusoma lilidhihirishwa na Uwezo, zoezi la kupima watoto lililoanza hapa nchini mwaka 2010. Wapimaji hawakwenda kungoja shuleni, waliwafuata watoto majumbani. Walikaa na mtoto uani, wakampa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, wakamwacha asome huku mama au babu akisikiliza. Ikaonekana kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kuisoma. Takwimu zilitikisa magazeti, lakini mimi nilichokiona kikubwa ni lile tukio la uani. Kwa wazazi wengi huenda ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtoto wao akisoma kwa sauti, na kujua kwa masikio yao wenyewe, si kwa ripoti yenye herufi A, B na C.

Hilo kila nyumba inaweza kulifanya leo usiku, bila mpimaji. Kiswahili kina neema hii: kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umewekwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto anapita kwenye silabi, ba be bi bo bu, hadi kwenye sentensi. Mpe kitabu, ziba picha kwa kiganja, mwanzishe katikati ya ukurasa. Ukimwanzisha mwanzo, picha ikiwa wazi, atakughania. Watoto hukariri kurasa nzima kwa kusikia wenzao, kidole kikitembea kwenye maneno ambayo macho hayajayaona. Akianza katikati na kwenda, hata polepole, anasoma. Akikuangalia usoni badala ya kuangalia kitabu, umeshajua, na kesho una neno la kumwambia mwalimu.

Wapo watakaosema: mimi mwenyewe sikusoma, nitamsaidiaje? Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu nimeiona ikiwazuia watu wazima kuvuka geti la shule. Upande wa Oldonyo Sambu mtoto wa Kiarusha husikia Kimaa tangu azaliwe na anaweza kukutana na Kiswahili cha kuandikwa akiwa darasani. Mama yake anadhani hana cha kutoa. Anacho. Mtoto anayehesabu ng'ombe na mbuzi wa boma jioni na kusema yupi hayupo amefanya kutoa na kujumlisha. Bibi anayesimulia kisa kwa Kimeru, kisha akauliza, "Kwa nini fisi alirudi?", anafundisha ufahamu, somo lile lile lenye maswali mwishoni mwa kitabu. Huko magharibi mwa Kenya watafiti waliwapa wazazi vitabu vya picha kwa Kijaluo na kuwaonyesha namna ya kuzungumza na mtoto juu ya picha, kumwuliza na kumsubiri ajibu. Msamiati wa watoto ulikua. Na watoto ambao walezi wao hawakujua kusoma walinufaika si chini ya wenzao.

Kwa hiyo lugha ya nyumbani isionewe haya. Nasema hivi nikifikiria pia wazazi wa mjini waliojinyima ili mtoto asome shule ya mchepuo wa Kiingereza, na sasa wanaona aibu kulishika daftari lake. Mtoto akueleze kwa Kiswahili alichofundishwa kwa Kiingereza. Akishindwa kukueleza, hakukielewa, amekibeba tu.

Kinachowasumbua zaidi watu wa Arusha ni muda. Fikiria ratiba za mji huu. Mama anayeuza Soko la Kilombero ameshatoka kabla mtoto hajaamka. Baba ni dereva wa watalii, au mpagazi, au mpishi wa kambi, na kuanzia Juni hadi Oktoba yuko Serengeti au mlimani wiki nzima, akirudi anabadilisha nguo na kuondoka tena. Wengine wako machimboni Mererani. Halafu barua inakuja: kikao cha wazazi Jumatano saa nne asubuhi. Kwa watu wa Meru, Jumatano ni gulio la Tengeru! Mama mwenye mikungu yake ya ndizi na maparachichi hawezi kuikosa siku inayolipia madaftari hayo hayo. Asipofika anaandikwa kwamba hana ushirikiano. Mwalimu mkuu aliyekaa Meru wiki mbili tu anajua siku za gulio. Kikao kikiwekwa Jumapili mchana baada ya ibada, au jioni katika mtaa wenyewe kwa balozi, watu watakuja. Wasioweza kuja wana simu.

Simu hii tumeigeuza kuwa ya kutangaza michango kwenye makundi ya WhatsApp, na inaweza kufanya kazi kubwa zaidi. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, hapa kwetu kuanzia Machi 17 hadi Juni 29 kwa shule za msingi, Botswana walijaribu jambo jepesi. Kila wiki mtu aliipigia simu familia kwa kama dakika 20, akamwomba mzazi aweke simu kwenye spika, akampa mtoto hesabu na kumsikiliza akiifanya. Familia nyingine zilitumiwa ujumbe wa maandishi tu. Waliopigiwa walisonga mbele katika hesabu, ujumbe peke yake haukusaidia. Sishangai. Ujumbe unasomwa na kupitwa, ila sauti ya mtu inawakalisha wawili chini. Dereva aliyelala Seronera, mtandao ukipatikana, anaweza kupiga saa mbili usiku na kusema, "Nisomee ukurasa wa leo." Mtoto anayejua kwamba baba atapiga atakuwa ameusoma kabla.

Kisha kuna makande. Nayataja kwa uzito wote, kwa sababu mahali ambapo nyumba na shule hukutana kweli kweli ni kwenye sufuria. Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na chai ya rangi, akapanda na kushuka mabonde mawili, hawezi kushika hesabu za saa sita. Wazazi wakikubaliana kilo za mahindi na maharage baada ya mavuno, nani atapokea, nani atapima, nani anashika ufunguo wa stoo, na daftari la stoo likawa wazi kwa yeyote anayetaka kulisoma, makande yanapikwa mwaka mzima. Uaminifu ukivunjika mara moja kwenye stoo hautarudishwa na hotuba. Na mtoto ambaye kwao hawakuvuna asiwekwe chini ya mti wenzake wakila. Serikali imeshasema mara nyingi kwamba mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Kumketisha pembeni akinusa chakula ni kumrudisha nyumbani bila kumfungulia geti. Kamati ya shule, ambayo wazazi wamo kwa mujibu wa sheria, na Umoja wa Wazazi na Walimu pale ulipoundwa, wana uwezo wa kuamua kwamba familia kumi zitafidia moja. Mlimani watu wamekuwa wakifanya hivyo kwenye misiba na harusi tangu zamani.

Niongeze la maji, ambalo wageni hawalijui na sisi tumelizoea mno. Chemchemi nyingi za Meru zina floridi nyingi, na eneo la Maji ya Chai na Ngarenanyuki watoto hukua na meno ya kahawia, wengine miguu ikipinda. Wataalamu wa kituo cha Ngurdoto wamekuwa wakitumia mkaa wa mifupa kuchuja maji. Shule ikipata chujio na nyumbani mtoto akaendelea kunywa maji yale yale, kazi imefanyika nusu. Nimewahi kukaa na mtoto mwerevu aliyefunika mdomo kwa mkono kila alipojibu swali. Mwalimu alidhani ana haya. Mama yake alijua ni meno. Hawakuwa wameambizana.

Nirudi kwa Bibi. Alipofariki, kwenye msiba alikuja mwalimu wangu wa darasa la tatu, amestaafu, anatembea kwa fimbo. Tulipomaliza kuzika alikaa nami nyuma ya nyumba, karibu na zizi, akaniuliza kama nilijua kwamba Bibi alikuwa "akimsumbua". Sikujua. Akanieleza kwamba Jumapili moja, baada ya ibada, Bibi alimsimamisha njiani akiwa na chupa ya maziwa. Hakuomba nipewe alama wala nisichapwe. Alimwambia, "Mwalimu, mimi sijui herufi, na huyu mtoto ameshaligundua hilo. Nifanyie alama ninayoweza kuisoma."

Wakakubaliana wawili hao pale barabarani. Siku nilipofanya vizuri, mwalimu angeacha pembe ya chini ya ukurasa kama ilivyo. Siku nilipokwama, angepiga nukta nyekundu ndogo pembeni kabisa, mahali ambapo mtoto hawezi kuiona kuwa kitu. Nukta moja ilimaanisha arudie, na nukta mbili zilimaanisha Bibi apite shuleni.

Niliporudi mjini nilitafuta kwenye sanduku la zamani nikapata daftari moja tu, la hesabu, jalada limeliwa na panya. Nilifungua kurasa moja moja chini ya taa. Nukta zilikuwepo.